Mwalimu Praxeda na Machungwa ya Haji

Pale Ngamiani, Mwalimu Praxeda alijulikana kwa sauti kabla ya sura. Akisema, "Maji huchemka yakipata jo...", darasa zima humalizia, "jotooo!" na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara naye humalizia bila kuinua macho. Kisha huja, "Tumeelewana?" na "Ndiyooo!" ya kutikisa mabati. Mama huyu, Msambaa aliyeshushwa Tanga na ualimu akakaa moja kwa moja, alifundisha sayansi hivyo tangu ujana wake, na baadhi ya wanafunzi wake leo ni madaktari. Kwa hiyo msimcheke mapema.

Ukaja mtaala mpya. Ulitaka mtoto asitajiwe jibu, alitafute: ashike, ajaribu, akosee, aeleze mwenyewe. Praxeda aliusoma mwongozo mpaka mwisho, akaufunga, akashusha pumzi. Kumwambia yeye anyamaze darasani ni kumwambia muuza samaki asinadi.

Walimu wa sayansi na hisabati wa shule za jirani walikutana kila wiki kufundishana. Aliyewaongoza alikuwa Sabiha, mkufunzi kijana aliyekuja kwa bajaji kutoka Raskazone, mwenye subira ya kutungia shanga. Siku ya kwanza aliwaeleza kwa kirefu hasara ya wanafunzi kuitikia kwa pamoja, halafu akawauliza, "Kuna asiyeelewa?" Walimu wote, watu wazima na miwani yao, wakajibu, "Hakunaaa!" Sabiha alicheka mpaka akakaa.

"Basi tutaonyeshana," akasema. "Mama Praxeda, wiki ijayo utufundishie darasa la nne, sisi tukae nyuma tutazame. Vitu vinavyoelea na vinavyozama."

"Mwanangu, huoni wengine?"

"Nawaona, mama. Lakini mficha uchi hazai, na wewe ndiye uliyesema wazi kuwa mtaala huu unakutisha."

Hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Mwakani Praxeda angefikisha umri wa kustaafu kwa hiari, na hiari yenyewe hakuwa nayo, maana alilipenda darasa kuliko usingizi wa asubuhi. Lakini aliapa moyoni: akiaibika mbele ya wenzake, ataomba kuondoka, kuliko kuwakwamisha watoto wa watu.

Akajifua. Nyumbani alitumbukiza chungwa zima kwenye ndoo, likaelea. Akalimenya lote kwa vidole, likazama chubwi. Alifurahi peke yake jikoni. Angewauliza watoto kwa nini, kisha angefunga mdomo.

Siku yenyewe akapita kwa Haji, muuza machungwa wa karibu na geti la shule, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Haji. Nitilie machungwa mazuri ya Muheza, yatoshe darasa."

Mara Sabiha akashuka kwenye bajaji, wakaanza kuulizana hali za nyumbani, na salamu za Tanga mnazijua, haziishi upesi. Haji naye akafanya anachofanya kila muuza machungwa mwenye adabu. Atampaje mwalimu wake chungwa lisilomenywa? Akayamenya yote kwa kisu, utepe mmoja mrefu kila moja, akayafunga mfukoni, akakabidhi kwa mikono miwili.

Darasani, mbele ya watoto na walimu waliobanana nyuma, Praxeda akafungua mfuko. Hakuna hata moja lenye ganda. Akajikaza kisabuni: angalau lililomenywa litazama, mengine atayaeleza kwa mdomo. Akalitia ndooni.

Likaelea.

Akatia la pili. Nalo likaelea, jeupe, limetulia kabisa. Watoto wakamtazama, wakingoja jibu lao kama kawaida. Alilijua la kusema: "Andikeni, chungwa lililomenywa huzama." Wangeandika, hata kama macho yao yanaona kinyume. Mdomo ulishafunguka. Akaona aibu, si ya walimu wa nyuma, bali ya wale watoto ambao wangemwamini yeye kuliko macho yao.

"Nilidhani litazama," akasema polepole. "Halikuzama. Sababu siijui."

Watoto hawakujua waitikie nini. Kisha mmoja akasogea kwenye ndoo bila ruhusa, wa pili akafuata, na punde ndoo haikuonekana. Wakalikandamiza chini, likaibuka. Wakagombana. Huyu akasema ni tamu mno, yule akasema maji ni machache. Queen, msichana ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha kidole, akalitoa, akaligeuzageuza.

"Mwalimu, hili limevuliwa koti tu. Fulana bado linayo," akasema, akiugusa ule utando mweupe.

Praxeda alielewa palepale, na jibu zima likamjaa mdomoni. Kisu cha Haji kiliacha utando. Vidole vyake nyumbani viliuondoa. "Kwa hiyo, hiyo fula..." akaanza.

"Mwalimu, usitutajie!" wakampigia kelele. "Ngoja kwanza!"

Akangoja. Alishika meza kwa mikono miwili, akangoja. Queen akaung'oa utando kwa kucha, akalirudisha majini, chungwa likaenda chini moja kwa moja. Kelele iliyozuka hapo ilimfikisha fundi cherehani dirishani. Walimu wa nyuma walishasahau utazamaji, wamekunja mikono ya mashati, wanamenya. Watoto wakaanza kubishana kuna nini ndani ya fulana, kama ni hewa au ni nini, na kengele ilipolia hakutoka mtu.

Sabiha alikuwa pembeni, anajifuta machozi ya kicheko. Praxeda hakumwangalia. Queen alikuwa amesimama mbele yake, mikono inachuruzika maji.

"Mwalimu, mwakani tukiingia la tano, utakuja na sisi?"

Miaka yote watoto walimtii, wakamwogopa, wengine wakamshukuru wakishakuwa wakubwa. Kumwomba abaki, hakuna aliyewahi.

"Nitakuja," akasema, kabla hajajiuliza.