Matundu Kumi na Moja Kwenye Mfuko wa Saruji

Saa mbili asubuhi, kata ya Misunkumilo. Fundi Kalisti amepiga magoti mbele ya kichuguu nyuma ya karakana yake, anahesabu matundu ya goroli kwenye mfuko mtupu wa saruji.

"Tisa, kumi, kumi na moja. Basi?" Anaugeuza upande wa pili, huenda mengine yamejificha huko.

Risasi aliyofyatua hatua arobaini kutoka hapo ilibeba goroli arobaini, vidonge vidogo vya chuma. Alitegemea zaidi ya ishirini.

Kalisti, mwenye miaka 61, ana leseni ya kutengeneza bunduki za raia. Kwa mwezi hupata bunduki tano hivi. Siku nyingine huchomelea mageti na plau. Lakini hakuna geti linalomnyima usingizi kama mtutu usioeleweka.

Huu umeletwa na Enoka, mlinzi wa mashamba ya mpunga Usevya. Bunduki ni ya kijiji.

"Napiga, nyani wanaruka pembeni kidogo, halafu wanakaa wananitazama!" anasema Enoka. "Watu wanasema macho yangu yamekwisha, wengine nimerogwa. Jumamosi kamati inakaa kuniondoa. Nina watoto watano, mzee. Nikitoka na sifa hiyo, nani atanipa lindo?"

"Tuuulize mtutu kwanza," Kalisti anamjibu. "Wenyewe haujui majungu."

Anaeleza kwamba mtutu wa kufyatulia goroli mara nyingi hubanwa kidogo mdomoni. "Mwaga mchele kwa kiganja kilichofumbwa, unaangukia pamoja. Fungua vidole, kuku wa jirani nao wanakula."

Anaingiza kipimo chake cha shaba mdomoni mwa mtutu. Kinapaswa kukwama. Kinazama chote.

"Heee! Mdomo umekwanguliwa huu. Nani kafanya ushenzi huu?"

Anafungua ubao wa chini ya mtutu. Pale kwenye chuma pamegongwa herufi K na nukta mbili. Fundi anakaa chini, kofia mkononi.

"Mama yangu. Ni mimi."

Mwaka 2009 viboko walikuwa wakimaliza mpunga wa Usevya. Mlinzi wa wakati ule alitaka kutumia risasi ya donge moja zito, na donge likilazimishwa kwenye mdomo uliobana sana linaweza kuumiza mtutu. Kalisti akaupanua, akamweleza mlinzi kwa mdomo tu, bila kuandika popote. Mlinzi yule alistaafu, akaondoka na maelezo yake.

"Miaka minane, mzee!" Enoka anafoka. "Miaka minane nachekwa na nyani na binadamu!"

Kalisti anainuka. Anatundika mfuko mwingine, anahesabu hatua ishirini tu, anampa Enoka bunduki. Safari hii matundu ni ishirini na saba.

"Chuma kikishakwanguliwa hakirudi," anasema. "Wasogelee nyani, usipige ukiwa mbali zaidi ya hapa. Na macho yako mazima kabisa."

Enoka anacheka, kisha anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Sasa fundi amenunua daftari kubwa. Anataka kila bunduki aliyowahi kuigusa irudi ipimwe, aandike inafaa risasi gani na umbali gani. Ataanza na Usevya, Jumamosi, mbele ya kamati.

"Watauliza nani aliiharibu," Enoka anamtahadharisha.

Kalisti anaukunjua mfuko wa matundu kumi na moja, anachukua kalamu, anaandika kwa herufi kubwa za kusomeka hata na aliyekaa nyuma: KOSA SI LA ENOKA. NI LANGU. FUNDI KALISTI.