Kinyozi, Mkewe na Kipa Asiyejua Kona

Kinyozi huyo watu walimwita Wembe, na jina likamkaa, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali kuliko vyombo vyake vyote vya kazi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa mlangoni alinyoa yeye, vichwa na ndevu. Upande wa ndani mkewe alisuka nywele. Pazia lenyewe lilikuwa jepesi. Macho liliyaziba, masikio halikuyaweza.

Juu ya kabati la taulo kulikuwa na runinga, na chini yake gemu ya mpira. Wembe aliinunua ili wateja wanaongoja zamu wasichoke. Haukupita muda, aliyechoka kungoja akawa ni mteja aliyeketi kwenye kiti, povu shavuni, maana kinyozi mwenyewe ameshika padi, kile kishikio chenye vitufe, na ametoa macho kwenye runinga kama anasomewa hukumu.

Gemu ile aliipenda, lakini hakuipenda kwa upofu. Aliisifu na kuitukana kwa pumzi moja.

"Tazameni mvua hiyo!" angewaambia walioketi kwenye benchi. "Mpira unakwama majini kama wa kweli! Na huyu winga, mwoneni anavyohema. Amechoka, amechafuka, jezi imemganda mgongoni. Walioitengeneza hii wamecheza mpira hawa, si bure."

Muda mfupi baadaye sauti ingebadilika. "Kipa gani huyu! Ukipiga kona nguzo ya karibu anatoka mbio kama aliyesahau sufuria jikoni! Lango anamwachia nani?" Halafu angemgeukia mtangazaji wa ndani ya gemu, aliyekuwa akipaza sauti ya "hatari langoni!" hata mpira ukiwa katikati ya uwanja. Halafu mashabiki. "Huyu mwenye kofia ya njano yuko jukwaa hili, yuko na lile, na kule pia. Amezaliwa pacha na uwanja mzima?"

Benchi lilivunjika mbavu. Nyuma ya pazia mkewe alisuka.

Sasa, siku moja alikuja baba mkwe. Mzee huyu alistaafu ukarani, mtu wa shati lililopigwa pasi na ndevu nyeupe alizozitunza kama bustani. Siku hiyo alitaka ziondolewe zote, kwa sababu ya joto, na kutoka hapo alikuwa anakwenda kuongoza kikao cha wastaafu wenzake. Wembe akanyoa upande wa kushoto, taratibu, kwa heshima zote za mkwe. Dereva wa teksi, aliyekuwa akicheza naye kabla mzee hajaingia, akamwita: "Wembe, kona yako hiyo! Nipige mimi?"

"Usiguse! Baba, niwie radhi, kona hii tu."

Akamfunika mzee taulo la moto usoni, akaenda. Kona ikazaa bao, bao likazaa ubishi, ubishi ukazaa mechi nyingine. Chini ya taulo mzee alilala usingizi mtamu. Alipozinduka alidhani kazi imekwisha, akaliondoa taulo, akashukuru, akatoka. Wembe akampungia mkono bila kugeuza shingo.

Mzee akaongoza kikao chote akiwa na ndevu upande mmoja. Kila alipotazama aliona wenzake wanatabasamu, akadhani hotuba imewaingia. Mpaka alipofika mahali pa kufikiri jambo zito, akapeleka mkono kidevuni kuzipapasa ndevu kwa mazoea, maana kichwa kilijua zimenyolewa lakini mkono ulisahau. Mkono ukazikuta. Nusu.

Kesho yake asubuhi aliingia dukani amejifunga skafu tangu masikioni hadi kidevuni, katika joto lile lile. Hakumsalimu mkwewe. Alivuta pazia, akamwita bintiye, akafungua skafu, akasimama.

Binti alitazama. Alitaka kucheka, akakimeza kicheko. Halafu akamgeukia mumewe.

"Baba Watoto, gemu hii inatoka."

"Mke wangu, nimekosa. Baba, nimekosa, naapa. Keti nimalizie."

"Sinyolewi," mzee akasema, "mpaka kesi iishe. Leo nanyolewa kwa wembe wa nani, mimi nijue? Wa kinyozi au wa mcheza mpira?"

Duka bila gemu lilimjia Wembe akilini: benchi kimya, dereva hayupo, yeye na kioo wakitazamana kutwa nzima. Na mtu akibanwa husema asilopima. Alimwambia mkewe hivi:

"Unaichukia kwa sababu huijui! Kaa hapa, ucheze na mimi mechi moja. Ukinifunga, ipeleke popote unapotaka, sitafungua mdomo. Nikikufunga, inabaki."

Dereva alipiga kofi gotini. "Haya sasa!"

"Popote ninapotaka?" mkewe akauliza.

"Popote."

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia," mzee akasema, akajivutia stuli mbele ya runinga. "Na refa ni mimi."

Mteja aliyekuwa anasukwa akatoka nyuma ya pazia, kichwa kimesukwa nusu, nusu kimesimama hewani. Akaketi kando ya mzee, wakawa wawili wa nusu nusu.

Wembe ndiye aliyepanga mechi. Akachagua mvua, tena ya kumwaga, akijua mgeni uwanja wa maji utamtesa. Akampa mkewe padi kwa huruma, akamwonyesha kitufe cha pasi.

"Asante, mume wangu," akasema kwa upole. Vidole vilivyozoea kugawa nywele tatu tatu vikakaa juu ya vitufe kama vimefika kwao.

Bao la kwanza lilikuwa la Wembe, mapema mno. Aliruka, akalizunguka kabati. "Mama Watoto, pole! Nikuonyeshe tena?"

"Kaa chini, refa hajakuruhusu kucheza ngoma," mzee akasema.

Kisha mkewe akapata kona. Hakuharakisha. Akaupiga mpira mfupi, nguzo ya karibu. Kipa wa Wembe akatoka mbio kama aliyesahau sufuria jikoni. Kichwa kidogo tu, wavuni!

"Hatari langoni!" mtangazaji akasema, kwa mara ya kwanza mahali pake.

Duka zima lilipiga ukelele. Wembe alikauka. "Hiyo... hiyo umebahatisha."

"Ndiyo, nimebahatisha."

Yule mwenye nywele nusu hakuweza kujizuia. "Shoga, waonyeshe na ile ya asubuhi! Ile ya kupiga juu!"

"Ya asubuhi ipi?" Wembe akauliza, na akaukosa mpira.

"Wewe ukienda kununua nyembe," mkewe akasema bila kutoa macho kwenye runinga, "unarudi lini? Unapiga soga mpaka jua liwake, mimi huku nacheza. Na mimi nina masikio. Kila kasoro ya gemu hii umenifundisha mwenyewe, kwa kupiga kelele."

Dakika zilikuwa zinakwisha. Wembe akamwona winga wake yuko peke yake pembeni, njia nyeupe. Akamsukumia mpira mrefu wa chini, akasimama tayari kushangilia. Mpira ukaenda, ukaenda, ukakwama kwenye dimbwi. Winga akaupita. Mvua ile ile aliyoisifia miezi yote, na aliyoichagua kwa mkono wake!

"Unakwama majini kama wa kweli," dereva akanong'ona.

Mkewe hakupeleka mpira chini hata mara moja. Akaunyanyua, beki wake akaupokea kifuani, akaunyanyua tena, juu ya maji, juu ya mabeki waliohema. Beki wa Wembe akautoa. Kona.

"Nguzo ya mbali, tafadhali," Wembe akaomba. Aliomba kweli.

Nguzo ya karibu. Kipa akatoka. Bao!

Mzee alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono hewani, nusu ya ndevu ikitetemeka. Alikumbuka yeye ni refa, akashuka. "Mechi imekwisha," akasema kwa sauti ya kikao. "Mashine itoke."

Wembe alichomoa nyaya mwenyewe. Aliifuta vumbi, akaikabidhi kama anayemkabidhi mtoto shuleni. "Utaipeleka wapi?"

Mkewe akavuta pazia, akaiweka upande wa ndani, juu ya meza ya vitana. "Hapa. Nilisema inatoka, sikusema inatoka dukani. Runinga nayo uilete."

Basi Wembe akabaki na kazi. Mzee akaketi kwenye kiti, akapakwa povu. Nyuma ya pazia mechi ikaanza, dereva akihamia huko huko, na ukelele ukapanda: "Kona!"

Mkono wa kinyozi ulisimama hewani. Shingo ilitaka kugeuka. Aliikaza, akarudi kwenye shavu.

"Vizuri," mzee akasema, akilitazama pazia kupitia kioo. "Ila fanya upesi, mwanangu. Wanapiga nguzo gani?"