Samaki Anayepiga Kibofu

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa nikichunguza samaki mmoja wa pwani anayeguna. Anaishi kwenye matope karibu na midomo ya mito, ambapo maji ni mazito na hata mwenye macho mazuri haoni mbali, kwa hiyo dume humwita jike kwa sauti. Hana koo la kuimbia. Ana misuli inayopiga kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake, nacho hunguruma kama ngoma. Hayo ndiyo mambo niliyoyajua kwa uhakika. Mengine yote duniani nilikuwa bado nayauliza.

Baba alikuwa mchuma chai karibu na Kimulot. Tulihamia huko kutoka magharibi ya Kenya nikiwa mdogo. Msichana niliyetaka kumwoa alikuwa Mkipsigis, mwenyeji wa huko, binti wa mkulima jirani, mzee wa kanisa. Kabla ya kuwaruhusu wazee wetu waje kuposa, babake aliniita peke yangu aone mimi ni mtu wa aina gani. Akikataa siku hiyo, basi.

Tulikaa sebuleni mimi, yeye na mama yake mzazi, ajuza ambaye alikuwa haoni kwa miaka mingi. Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa Kikipsigis changu kilitosha salamu tu. Mzee, kama wengi wa kwao, hakutofautisha b na p. Barua ilikuwa parua, na paka alikuwa baka.

"Kijana, huko university unasoma nini?"

"Samaki, Mzee."

"Kuvua?"

"Kuchunguza."

"Samaki ni ndugu ya nyoka."

"Hapana, Mzee. Nyoka ana mapafu." Hakuwa ameniuliza, lakini hiyo ndiyo tabia niliyokuwa nayo.

Alikunywa chai kidogo. "Na huyo yako anafanya nini?"

"Anaguna. Dume likitaka jike, linapiga kibofu, jike linasikia."

Akaweka kikombe chini. "Linapiga kipofu?"

"Ndiyo, Mzee. Haraka haraka, bila kupumzika."

"Kipofu yake mwenyewe?"

"Kila dume lina chake."

Mzee akamtazama mama yake. Nami nikamtazama, ndipo nikaelewa nilikuwa nimesema nini katika nyumba ile.

"Mzee, nasema kibofu. Kile cha mkojo, ila hiki ni cha hewa."

"Ndiyo hiyo nimesema. Kipofu."

"Kinakaa tumboni."

"Kipofu anakaa tumboni?"

Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikajaza hewa mdomoni, nikavimbisha mashavu na kuyapiga kwa vidole, mbele ya mtu niliyetaka anipe binti yake. Ajuza akageuza kichwa, akauliza jambo kwa Kikipsigis. Mwanawe akamweleza kwa kirefu. Ajuza akacheka, akajibu kwa maneno machache.

"Mama anasema ni ile kitu ya ng'ombe," Mzee alisema. "Ile watoto wanapuliza wanacheza mpira."

"Hiyo hiyo, Mzee."

"Sasa ungesema mpira."

Ajuza akauliza tena. Mzee akatafsiri: "Mama anauliza kama jike linajibu."

"Hapana. Halina misuli hiyo."

Wakasemezana. "Anasema basi hiyo si ndoa, ni kelele."

Nilitaka kueleza kwamba samaki hawaoi. Badala yake nikanywa chai, jambo ambalo lilinigharimu sana.

"Wazee wenu waje Jumamosi," Mzee alisema hatimaye. "Wewe ukae nyumbani. Ndugu zangu watakuwa hapa, na wao hawajui samaki."

Jumamosi wakaenda bila mimi. Jioni baba alirudi, akavua koti, akasema tumekubaliwa. Nikamwuliza wazee wetu walisema mimi nafanya kazi gani.

"Baba ya msichana alishauri tuseme unatibu ng'ombe."

"Lakini si kweli."

"Unataka mke ama unataka ukweli?"

Kabla mwezi haujaisha, wakwe walikuwa wameniletea ndama wawili wanaoharisha.