Shikamoo ya Mto Ugalla

Enzi zetu, na ninyi mliokwenda shule na fagio mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili mtanielewa, salamu haikuwa hiari. Ukipishana na mtu mzima usimwamkie, habari zilifika nyumbani kabla yako. Sisi wasichana wa Ntalikwa, kule Tabora, tulipiga goti kabisa, hata njia iwe na tope, hata uwe unakimbia kuwahi namba. "Mdomo unaokula matobolwa ndio huo huo wa kusalimia," mama alikuwa akisema. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani, ndiyo yalikuwa biskuti zetu. Tuliyatafuna na karanga mpaka taya ziume.

Tulipokuwa darasa la tano akaletwa Mwanaidi. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kahamishiwa Tabora kutoka pwani. Mzaramo, jamani, na mimi Mnyamwezi! Tangu mababu zetu walipobeba mizigo ya misafara mpaka baharini, sisi na wao ni watani, na mtani huwezi kumkasirikia. Mwanaidi alilijua hilo akalitumia vizuri mno. Kila mapumziko, wenzetu wakicheza rede, yeye alitukalisha atusimulie jinsi babu yake alivyompeleka kwa boti kutazama pomboo. Eti wanaruka, wanapinduka hewani, wanakuchekea usoni.

"Nyie huku mna nini?" alimalizia kila siku. "Vumbi na maembe!"

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nikamwambia kwetu yupo mnyama wa majini ambaye akimwona, pomboo wake atamsahau. Tukawekeana sharti: nitampeleka mtoni, na akishtuka tu akatoa sauti, ameshindwa. Atasimama mbele ya shule nzima asubuhi apige kelele, "Tabora ndiyo mjini!" Akikaa kimya mpaka tunarudi nchi kavu, mimi ndiye nitapiga kelele, "Tabora ni porini!" Na mama yangu alikuwa akiuza vitumbua pale pale getini. Niliogopa, sikufichi. Nilimwona mama akilini akinisikia nikipatukana kwetu, na mwiko mkononi.

Likizo ilipofika, baba mdogo akatuchukua. Alikuwa mrina asali wa Ipole, mtu mwembamba aliyenuka moshi mwaka mzima. Msimu wa kiangazi alihamia kando ya mto Ugalla na mizinga yake, na huko alikuwa na mtumbwi. Kabla hatujapanda akatupa amri moja: "Mkiwa majini, huyo mnayemfuata msimtaje kwa jina. Ukimtaja atadhani anaitwa. Semeni mzee."

Tukaingia, sisi watatu, taratibu. Loo, asubuhi ile! Maji yametulia, harufu ya matete na ya samaki wanaokaushwa ng'ambo. Mdiria akatumbukia akatoka na kisamaki. Mwanaidi kafumba mdomo. Furukombe akalia juu ya mti. Mwanaidi kimya, kama kameza ufunguo. Mamba akateleza kutoka kwenye mchanga, mimi mwenyewe nikashika ukingo wa mtumbwi. Mwanaidi akapiga miayo! Kusudi kabisa, ili nimwone. Na mzee hakuonekana. Jua likapanda, baba mdogo akageuza mtumbwi. Nikaanza kufikiria jinsi ya kuugua siku shule itakapofunguliwa.

Hapo maji ya mbele yetu yakavimba. Likatoka kichwa kipana kuliko meza ya mwalimu, masikio madogo yanacheza, macho yametutazama sisi tu. Mayu wane, mama yangu! Na Mwanaidi, mtoto wa pwani, bingwa wa pomboo, akaporomoka magoti ndani ya mtumbwi:

"Shikamoo, mzee!"

Kiboko akapuliza pua, *fuuuuh*, maji yakaturukia mpaka usoni.

"Ameitikia hiyo," baba mdogo akanong'ona, kasia tayari majini. "Tuondoke kabla hajauliza habari za nyumbani."

Shule ilipofunguliwa, Mwanaidi alisimama mbele ya mistari yote akatimiza ahadi. Nilisikia vigelegele vya mama kutoka getini. Sijawahi kutembea kwa maringo kama siku ile.

Leo sote wawili ni bibi. Juzi alinialika kwao, akanipandisha boti ya injini pamoja na wajukuu zetu, tukatazame hao pomboo hatimaye. Wajukuu wa siku hizi mnawajua. "Shkamoo bibi," macho kwenye simu. Goti wanalijua likiumia mpirani. Pomboo walipotokea, watoto waliwatazama kwenye vioo vya simu, wadogo kama dagaa. Sisi wazee tulitazama kwa macho. Na ni kweli wanaruka, Mwanaidi hakudanganya. Mmoja akapaa karibu kabisa na mimi, anang'aa, na mdomo ukanitoka wenyewe:

"Shikamoo!"

"Umekwisha!" Mwanaidi akaruka, boti ikayumba. Uzee wote uliisha. "Sharti ni lile lile! Sema Tabora ni porini!"

Nikamkumbuka baba mdogo, ambaye hayupo tena, na mtumbwi wake, na asubuhi ile ambayo hatuna hata picha moja. Nikauma midomo.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Amekuwa na adabu ya kuitikia?"

Pomboo alikuwa ameshazama zamani, kimya.

"Wetu aliitikia, Mwanaidi. Na shahidi ni wewe."

Akacheka mpaka machozi. Kisha mtani wangu akasimama, katikati ya bahari ya kwao, akapaza sauti: "Tabora ndiyo mjini!" Na wajukuu, kwa simu zote zile, hakuna hata mmoja aliyerekodi.