Fundi Asiyekata Jezi ya Olweny

Saa mbili asubuhi, chini kidogo ya kambi ya jeshi ya Makindye, Koplo Abudu anatua gunia la jezi za timu ya taifa juu ya meza ya fundi Hippolyte. Hasalimii. Anatoa moja tu, nyekundu, namba tano mgongoni, na kuigeuza ndani nje.

"Napasuka tena," anasema. "Palepale."

Fundi anavaa miwani. Mshono wa ubavu wa kushoto umeachia kutoka kwapani hadi kiunoni. Uzi haukukatika. Umefumuka taratibu, mzima, kama uliofumuliwa na mtu mwenye subira. Kwenye benchi la mlangoni, mwanamke aitwaye Ayot anainua uso. Namba tano ilikuwa ya mumewe.

Majina ya humu tumeyabadilisha, na mwenye nia mbaya asijisumbue kuulizia.

Hippolyte, ambaye sasa ana miaka hamsini na sita, alikimbia vita vya Bunia mwaka 1964 akiwa na cherehani ya mkono kichwani, hana mbele wala nyuma. Alishona viraka vya sare za askari mpaka mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa. Fundi wao aliyekuwa akishona jezi za taifa akafunga duka, akaondoka na masanduku mawili, kazi ikamwangukia Mkongo huyu.

"Sikuiomba," anasema. "Walikuja na gari, wakanionyesha jezi, wakasema shona."

Zamani, anasimulia, kila msimu ulikuwa na jezi zake: pamba nzito, kola ya vifungo, korongo, nembo ya timu, ametariziwa kifuani kwa mkono. Mwaka huu wa 1976 kitambaa kimekuwa hadithi. Seti moja inavaliwa miaka nenda miaka rudi, na mchezaji akiondoka, anayechukua nafasi yake huvaa ileile. Malipo ni shilingi tano kwa jezi, na kwa bei za magendo hizo hazitoshi hata sukari ya chai ya wiki.

Lakini kinachomnyima usingizi si malipo. Ni kwamba yeye hupata habari kabla ya redio. Jezi ikiletwa kupunguzwa, basi mwenyewe hayupo tena. Ya kwanza ilikuwa namba nane. Fundi akauliza mwenye jezi yuko wapi.

"Nakwenda safari," Abudu alijibu, akitazama pembeni.

Redio haikusema kitu. Jumamosi mtu mwingine akaingia uwanjani na nane mgongoni, na watu wakamshangilia kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu hapo Hippolyte hajauliza tena.

Alichofanya ni kuweka mkasi kando. "Bwana aliyenifundisha kazi kule Bunia alisema, nguo ya mutu haikatwe kama mwenyewe haiko. Ukikata, umesema ashakufa. Mimi siwezi kusema ile maneno."

Kwa hiyo hukunja kitambaa kilichozidi, akakipeleka ndani na kukishonea hapo. Kwa nje jezi inaonekana ndogo. Kwa ndani, upana wa mwenyewe bado upo wote.

Mume wa Ayot anaitwa Olweny, beki wa kati, mtu wa mabega mapana ajabu. Mwezi wa tatu alikamatwa akitoka mazoezini, akatiwa kwenye buti la gari lisilo na namba. Ayot akaanza kuja kila gunia lilipoletwa. Aliangalia meza tu, na asipoiona namba tano alirudi zake Kabalagala kumpikia binti yake Akwero na wadogo zake.

Mwezi wa tano, namba tano ikaja.

"Fundi, wewe nakata?" aliuliza.

"Hapana, Mama Akwero. Nimekunja."

Ayot akaingiza vidole ndani ya mkunjo, akakipapasa kitambaa kilichofichwa mpaka mwisho wake. "Basi bado iko," akasema, akaondoka.

Jezi akapewa kijana mwembamba, na hata baada ya kukunjwa ilimpwaya. Bado kila mechi ubavu ulifumuka. Hippolyte akatumia uzi wa mahema ya jeshi, nao ukafumuka. Kijana akalalamika kwamba jezi inalowa jasho mgongoni kabla hajakimbia, na kwamba wakipanga mstari kuingia uwanjani anasikia mtu akihema ndani ya kola. Wenzake wakamcheka. Kipa peke yake hakucheka, kwa sababu mara mbili alikuwa ameisikia sauti ya Olweny ikimwita atoke langoni.

Ndipo amri ikatoka kambini: mkunjo ukatwe.

"Mzee, kata," Abudu alimsihi. "Wakubwa nakasirika. Kama narudi vile tena, mimi na wewe nakwenda safari moja."

"Niliogopa," Hippolyte anasema bila haya.

Akaushika mkasi, akautia kwenye kitambaa, akautoa. Kisha akavuta kutoka uvunguni kipande chekundu alichoachiwa na yule fundi Mhindi, akashona jezi mpya kabisa kwa vipimo vya kijana, akaifua na kuifua tena mpaka ikachakaa. Hiyo ndiyo aliyompa Abudu. Ya Olweny akaificha ndani ya godoro.

Na hiyo mpya, ambayo Olweny hajawahi kuigusa, ndiyo iliyorudi leo ikiwa imefumuka.

"Si nasema kata?" Abudu anafoka.

"Nilikata. Tazama mwenyewe."

Koplo anapitisha kidole kwenye mshono. Hakuna mkunjo. Anapapasa mgongo, kisha anauondoa mkono ghafla na kuufuta kwenye suruali. Rangi imemtoka.

"Shona," ananong'ona. "Mimi hapana ona kitu." Anatoka bila kugeuka nyuma.

Ayot anainuka, anaichukua jezi na kuikandamiza usoni. Imelowa. Machozi yanamtoka huku anacheka.

"Fundi, mtu ya kufa hapana toka jasho."

Hippolyte hambishii. Anasema hajui Olweny yuko wapi, na hataki kujifanya anajua. Anafunga mlango, anatoa ile jezi ya zamani godoroni na kuufumua mkunjo kwa wembe, uzi baada ya uzi, mpaka mabega yanarudi kwenye upana wake. Anaipiga pasi ya mkaa.

"Nataka nizifumue zote siku moja," anasema. "Naanza na hii. Akija, akute inamutosha."

Anataka kuirudisha godoroni, lakini Ayot anamzuia. Anaomba itundikwe nyuma ya mlango, ili mwenyewe akiingia asipate taabu ya kuitafuta.