Kigiriki cha Alfajiri

Kwanza nilidhani Janet amerukwa na akili. Nilikuwa uani napepeta mchele, nikamsikia ng'ambo ya ua wa makuti akipalilia mahindi na kusema peke yake, kwa lugha ambayo si Kigiriama, si Kiswahili, wala Kiarabu hata kidogo. Nikasitisha ungo nimsikilize. Anasema maneno matatu, anakwama, anajipiga paji la uso, anaanza tena. Nikamwita. Akaja na jembe begani, macho mekundu, akaniambia shikamoo mwalimu, na kabla sijamaliza marahaba alishaangua kilio pale pale penye ua.

Mimi ni Mahfudha. Hapa Mambrui wanawake wengi mnaowaona wakienda sokoni wamepita chuoni kwangu, wamesoma Kurani mbele ya bakora yangu, na wachache waliovumilia nikawatia kwenye nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu. Sasa magoti hayataki tena kukaa mkekani kutwa, nimewaachia wengine, lakini ulimi ungali mzima. Janet hakuwa mwanafunzi wangu, ni jirani. Wao ni Wakristo, uwanja wao umepakana na wangu tangu mamangu yu hai, na yeye ni mwinjilisti wa kikanisa chao kule juu kwenye mikorosho. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na sikuwahi kumwona akilia hata alipofiwa na mume.

Nikamkalisha, nikampa maji, nikamwambia aseme. Kumbe anasomea ukasisi. Kila Jumamosi huenda Malindi darasani, na masomo mengine yote ameshapita. Kilichobaki ni Kigiriki, kile cha kale ambacho Injili yao iliandikwa kwacho. Mtihani wa kwanza ameanguka, tena vibaya. Anaruhusiwa kurudia mara moja tu. Akianguka tena, akae angoje darasa jipya lifunguliwe, na hakuna ajuaye litafunguliwa lini.

Nikamwambia basi na angoje, ukasisi haukimbii. Akanitazama, akapangusa pua kwa upindo wa leso.

"Mimi naweza kungoja, mwalimu," akasema. "Mama hawezi."

Habari za mamake nazijua. Bi Mbodze alibatizwa msichana, akaolewa mke wa pili. Kwa kanisa lao la zama zile hiyo ilitosha. Aliruhusiwa kufagia kanisa, kupanga maua, kuimba, kupika wageni wakija, lakini wenzake waliposimama kwenda kwenye meza ya Bwana kupokea kipande cha mkate mkononi mwa kasisi, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma na mikono yake mapajani. Ujana wake wote ulikwenda hivyo, na utu uzima wake pia. Mumewe alipofariki, kasisi akaja mwenyewe nyumbani na uso wa furaha kumwambia sasa hakuna kizuizi, Jumapili asimame na wenzake. Bi Mbodze akamkaribisha chai, akamwambia mkono ulionipita miaka yote hiyo sitaupokea leo. Nitapokea siku atakaponipa mwanangu. Na Janet wakati huo hata uinjilisti alikuwa hajauanza.

Watu walimwita mkaidi. Mimi nilimwelewa, maana hata mimi nina kichwa kigumu. Lakini sasa maji yalikuwa yamemjaa mwilini, miguu imevimba, daktari wa Malindi amesema moyo umechoka, na mzee bado anangoja mkono wa mwanawe.

Nikamwambia Janet alete hicho kitabu. Herufi zake sikuzijua hata moja. Nikamwambia asinisomee, anieleze tu kinachomshinda. Akasema kila jina lina sura nyingi, mtu akipiga ana sura yake, akipigwa ana nyingine, mwenye mali nyingine, anayepewa nyingine. Loo, nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mwanangu, hii ni nahau. Hata Kiarabu kinafanya hivyo, mimi nimewafundisha wasichana wa hapa ambao hata kusuka nywele hawajui. Nikamwambia shida yake ni kwamba sisi maneno yetu hubadilika kichwani, mtoto, watoto, na hawa wenzetu hubadilika mkiani. Wewe unatazama kichwa, mkia unakupita.

Akasema hilo hata mwalimu wake, Njoroge, kijana mpole wa kutoka bara, amemwambia. Kuelewa anaelewa. Ni kwamba akifumba macho hakuna kinachobaki. Jedwali zima linayeyuka.

Basi nikamfundisha ninavyojua mimi. Chuoni kwetu hakuna kuelewa kwanza. Unaimba. Unaimba mpaka ulimi unakwenda wenyewe, na maana itakuja siku yake. Nikachukua bakora yangu, nikapiga ukingo wa kinu, nikamwambia anifuate, jedwali lile la kwanza ambalo yeye alisema ndilo mlango wa yote. Ho, tu, to, ton. He, tes, te, ten. Akikosea, narudisha mwanzo. Akilia, narudisha mwanzo. Kila alfajiri nikishasali, naye akishateka maji, alikuja kusimama upande wake wa ua na mimi wangu, tukaimba.

Msiulize maneno niliyoyasikia mjini. Ati Mahfudha kazeeka mpaka anamsomesha Mkristo Injili. Jamaa yangu mmoja, Seif, akaja kunionya kwa adabu zote. Nikamjibu kwamba ninachomfundisha ni kukariri tu, na kama anaogopa kukariri kutamtoa mtu kwenye dini, basi yeye yuko salama sana, maana chuoni hakuwahi kukariri kitu. Akaenda zake.

Janet alikuwa mgumu, sitadanganya. Nimewahi kuwa na wanafunzi wazito, lakini huyu alikuwa anachoka kabla ya kuanza. Usiku anamgeuza mamake kitandani, mchana yuko shambani, jioni kuna maombi. Ya umoja aliyashika. Ya wingi, akifika kwenye mstari wa kike, hai, ton, anakatika. Kila siku pale pale. Anasimama, ananitazama kama mimi ndiye nijuaye Kigiriki. Na mimi, ambaye sijui hata neno moja lina maana gani, mdomo wangu ulikuwa umeshazoea, nambebea mpaka mwisho ili asikae na aibu. Ndivyo tufanyavyo chuoni, mwanafunzi akikatika mwalimu anambeba.

Siku moja nilimpelekea Bi Mbodze uji. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo kwenye ukuta wa udongo ulioelekea uani. Akanishika mkono, akaniambia ananishukuru kwa mwanawe. Nikadhani anasema habari za masomo. Akaniambia siku hizi Janet anaomba sana, kila alfajiri, kwa lugha ya Mungu, na yeye akilala upande ule wa ukuta huisikia yote. Maumivu yakimshika usiku hujiambia avumilie, karibu Janet ataanza ile sala. Akaniambia hata kifua humwachia kidogo.

Nilifungua mdomo nimwambie ile si sala. Miaka yote jirani zake ni sisi, anasikia adhana, anasikia dua zetu kwa Kiarabu ambacho hata wengi wetu hatukijui, na kwake jambo linaloimbwa alfajiri kwa lugha isiyojulikana ni sala, litakuwa nini jingine? Nikaufunga mdomo. Nikamwambia Janet pale uani. Akaweka ndoo yake chini, akaniomba nisimwambie mama. Akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba hata yeye siku hizi hana sala nyingine.

Mtihani ulipofika, jedwali alikuwa nalo. Nasema alikuwa nalo. Asubuhi ile aliniimbia lote, wingi na umoja, bila kukatika, nikamsindikiza mpaka barabarani na roho yangu imetulia. Jioni akarudi, nikajua kabla hajafungua mdomo. Alikaa kwenye kizingiti changu, viatu mkononi. Akasema kule chumbani ni kimya. Karatasi imewekwa, hakuna ruhusa ya kutoa sauti. Alijaribu kuimba moyoni, haikuja. Akachezesha midomo, ikaanza kuja, msimamizi akamwendea akamwambia mama, unawasumbua wenzako, nyamaza. Akanyamaza. Na aliponyamaza, kila kitu kikaondoka.

Wallahi nilipandwa na hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Yule msimamizi alifanya kazi yake. Karatasi haina masikio. Mimi ndiye niliyempa kitu ambacho lazima kisemwe, na huko alikokwenda hakisemwi. Nikamwambia huenda amepita, matokeo bado. Siku zile za kungoja hakuwa anakula, alikuwa anapika na kugawa tu.

Bi Mbodze akazidiwa Jumatano, baada ya adhuhuri. Janet alikuwa ameshampigia simu kasisi tangu asubuhi, lakini kasisi yuko kwenye maziko mbali huko bara ya Malindi, akasema atakuja akishamaliza. Niliitwa nisaidie kumwinua mgonjwa, maana pumzi haikutaka alale. Tukamwegemeza kifuani pangu. Nikasikia moyo wake unavyohangaika. Simu ya Janet ikalia. Alikuwa Njoroge. Akatoka nje, na mimi kutoka pale nilimwona mlangoni, anaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, asante. Akarudi ndani. Uso ulikuwa umekwisha.

Mamake alikuwa amefumbua macho. Yeye naye alijua simu ile ni ya nini, alikuwa anaingoja kuliko sote. Akajitahidi, akaikusanya mikono yake miwili mbele yake, viganja juu, kimoja ndani ya kingine, kama alivyowaona wenzake wakifanya miaka yote ile kutoka benchi la nyuma. Akaiweka hapo, akamtazama mwanawe.

Janet akapiga magoti.

"Siwezi, mama," akasema. "Nimeanguka. Sina ruhusa. Nisamehe, mama, siwezi."

Aliyasema tena na tena, kichwa chake kimegusa mkeka. Nimeona misiba mingi, nimeosha maiti wengi, lakini sijaona mtu aliyevunjika kama Janet siku ile. Nilitamani kumwambia achukue kipande cha mkate jikoni ampe, nani atajua? Lakini yeye angejua, na mamake angejua. Hawakuwa watu wa kudanganyana juu ya jambo lile.

Bi Mbodze hakuiondoa mikono. Pumzi ilikuwa inakuja kidogo kidogo, ikabidi niiname nimsikie.

"Basi nisalie," akasema. "Ile yako ya alfajiri."

Janet akainua kichwa, akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza. Mimi ni mwalimu wa dini, najua sala ni nini na si nini, na kwa miaka nimewachapa wasichana kwa kosa la herufi moja. Nikamtikisia kichwa aanze.

Akaanza. Ho, tu, to, ton. Sauti yake ilikuwa imekauka. He, tes, te, ten. Bi Mbodze akafumba macho, nikausikia mwili wake unalegea juu yangu, ule mkazo wa maumivu unaachia. To, tu, to, to. Janet akaingia kwenye wingi, machozi yanamwingia mdomoni, hoi, ton, tois, tus, hai, ton, na hapo akakatika. Pale pale pa siku zote. Akajaribu, sauti ikagoma. Mamake akafumbua macho, mikono bado iko juu, inangoja.

Nikambeba. Mimi Mahfudha, na buibui langu, na mgonjwa wa watu kifuani, nikasema tais, tas. Ta, ton, tois, ta. Nikayasema polepole na kwa adabu yote niliyo nayo, kama ninavyosoma kitu ambacho sithubutu kukikosea. Halafu nikasema amin. Janet akasema amin.

Bi Mbodze akaileta ile mikono usoni. Hakuna kitu kilichowekwa ndani yake. Akajipangusa nayo taratibu kutoka paji la uso mpaka kidevuni, kama alivyotuona sisi tukifanya dua ikiisha, halafu ikamshuka mapajani. Alifariki kabla ya alasiri.

Kasisi alifika jua limeshapoa, vumbi limejaa kwenye viatu, na kile kikoba chake cha mkate na divai mkononi. Alikuwa na majuto ya kweli, sikuweza hata kumkaripia. Alipotoka chumbani akaniuliza mimi, maana Janet hakuwa wa kuulizwa, kama mama alipata mtu wa kumsalia mwisho wake.

Nikamwambia alipata. Mwanawe alimsalia, na mimi nikaitikia.