Korongo Asiye na Miguu

Kwenye ukuta wa shule moja ya Bagara yupo korongo taji niliyemchora mimi, amezama kwenye matete hadi kifuani. Chini yake nimeandika: TUWAACHE WAZAE. Watu huniuliza kwa nini sikuchora miguu. Huwa nabadilisha mazungumzo.

Kiota chake kilikuwa Mutuka, pembeni mwa shamba la mama mmoja, pale maji yanapotuama. Ndege hawa wanazidi kupungua, na mama yule, bila kuhubiriwa na mtu, msimu huo aliacha kulima kipande kile. Alinionyesha kwa sababu nilimwambia nachora ili watu wawahurumie.

"Ila usisogee," alisema. "Wana mayai matatu."

Siku mbili nilitii. Siku ya tatu nilichoka kuchora kichwa kinachochungulia kwenye matete. Nilijiona fundi, na fundi gani huyo asiyeona miguu? Mama alikuwa gulioni. Nikaingia na viatu vyangu, nikayakanyaga matete ya upande mmoja hadi yakalala. Ndege waliruka, wakazunguka sana, kisha mmoja akarudi akasimama juu ya mayai. Sijawahi kuchora vizuri kama siku ile.

Kesho yake asubuhi nilikuta maganda tu. Kunguru walikuwa wameona kila kitu, kama nilivyotaka kuona mimi. Mama alisimama pale, mikono kiunoni.

"Ng'ombe wa watu hawa," alisema. "Tazama walivyokanyaga."

"Huenda," nikasema. Neno hilo linaniaibisha kuliko hata matete yenyewe.

Siku ya kuonyesha picha pale shuleni, mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimwamkia, akaitikia, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Korongo alionekana mzima, hadi kucha, na mayai yote matatu.

"Mwanangu, matete yako wapi?"

Mwalimu mkuu alikuwa karibu yangu, wanafunzi wanapiga makofi. Ningeweza kusema. Nikasema nilisahau kuyachora.

"Pole," alisema, akanishika bega. "Utayaongeza tu. Bila matete hawawezi kukaa pale."

Niliyaongeza kesho yake, moja moja, nikiwa peke yangu na kopo la rangi ya kijani. Nilianza na miguu. Mayai niliyafunika mwisho.